Nani Atawadhamini? Matarajio ya Vijana Wanaolelewa Makaoni Vurra na Nile Magharibi

Kila mwaka, katika makao mengi ya watoto nchini Uganda, huja siku ya kuwaandikia wafadhili. Mtoto hupigwa picha, huchora ua au nyumba ya bati, kisha humalizia sentensi ambayo mlezi amekwisha kuianza ubaoni: "Nikiwa mkubwa nataka kuwa..." Majibu hayabadiliki sana: daktari, rubani, mhandisi, mwalimu, sista. Mfadhili aliye mbali hufurahi, karo hupatikana, na nakala ya barua huingia jaladani. Miaka kadhaa baadaye mtafiti huja na dodoso lake, humwuliza mtoto yule yule swali lile lile, hupata jibu lile lile, na hulichapisha kama ushahidi wa matarajio makubwa ya vijana wa makaoni.

Wanaoandika kuhusu malezi ya taasisi hawaafikiani juu ya jibu hilo. Wapo wanaoona kwamba ndoto ni kubwa kupita uwezo, kwa hiyo kijana aandaliwe mapema kupunguza tamaa. Cherehani na useremala vitamtosha. Wapo wanaosema kinyume, kwamba mtoto aliyeachwa hukosa kujiamini, na kazi ya makao ni kumjaza hamasa. Naona pande zote mbili zinatibu mahali pasipouma. Katika Vurra, na katika ukanda wote wa Arua na Koboko, kaskazini magharibi mwa Uganda, kijana anayetoka makaoni hukwama kwa kukosa wa kumdhamini. Utu uzima huko hufunguliwa na watu wanaoweza kusimama mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mbele ya msajili, mbele ya mkopeshaji au ya wakwe, wakasema: huyu ni wetu. Hoja yangu ni kwamba matarajio ya kijana wa makaoni yasomwe kwanza kama suala la ukoo na nyaraka; saikolojia ifuate.

Mwanaanthropolojia Arjun Appadurai, katika insha yake ya mwaka 2004 juu ya uwezo wa kutarajia, alieleza kwamba maskini na tajiri wote huota, ila hawana ramani sawa ya kufikia wanachokiota. Aliye nacho amezoea kuona hatua moja inavyozaa nyingine. Amejaribu, ameshindwa, amejaribu tena, na anao watu wa kumsimulia walipopita wao. Asiye nacho huona alipo na anakotaka kufika, na katikati pana ukungu. Nadharia hiyo inatufaa, lakini Appadurai aliwafikiria zaidi wakazi wa mitaa ya mabanda ya Mumbai, watu maskini ambao nyuma yao imesimama jamii. Kijana wa makaoni yuko katika hali ya kinyume. Ana kitanda, mlo wa hakika, karo iliyolipwa, pengine na Kiingereza kizuri kuliko cha binamu yake aliyebaki kijijini. Kwa vipimo vya kawaida vya umaskini wa watoto, amempita binamu huyo. Alichopungukiwa ni kitu ambacho binamu hajawahi hata kukihesabu kuwa mali.

Mahali penyewe panasaidia kuona jambo hili. Vurra ni eneo la Walugbara kusini mwa mji wa Arua, na huishia kwenye kituo cha forodha cha mpaka wa Congo. Barabara inayoanzia hapo hupita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, kilomita 92 ambazo siku hizi zina lami. Kando ya barabara hiyo, upande wa Vurra, iko hospitali ya Kuluva, iliyoanzishwa na ndugu wawili madaktari wamisionari, Ted na Peter Williams. Ted ndiye aliyefuatana na daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1961 katika ile safari ya gari ya zaidi ya kilomita 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, kutafuta mipaka ya saratani ya taya ya watoto ambayo leo inaitwa kwa jina la Burkitt. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani mtoto wa Vurra anayesema "daktari" ameokota neno kwenye kitabu cha picha. Amezaliwa karibu na hospitali ambayo imechangia sayansi ya dunia. Mjini Arua kuna chuo cha uuguzi. Nje kidogo kuna Chuo Kikuu cha Muni kilichofunguliwa mwaka 2013, na Ragem kuna chuo cha ufundi. Mifano ya kuigwa haijakosekana.

Hata mifano ambayo walezi wasingependa iko wazi. Kwa miaka mingi Arua ilikuwa na vijana walioitwa Opec Boys, wauzaji wa petroli ya magendo iliyovushwa kutoka Congo, madumu yamepangwa barabarani mchana kweupe. Baadhi yao walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni bila shamba wala cheti. Wasomi wameandika juu yao kama wafanyabiashara wenye utaratibu, wenye viongozi na wenye uzito katika siasa za mji. Kwa hoja yetu, la kuzingatia ni kwamba hata magendo hayaendi bila kujuana. Mtu hakabidhiwi dumu la mkopo kama hakuna anayejua kwao ni wapi.

Sasa, ni nani hawa walio makaoni? Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 makao ya watoto Uganda yalikuwa machache. Ukimwi, vita vya kaskazini na, tuseme ukweli, fedha za makanisa na mashirika ya ng'ambo viliyafanya yafike mamia, mengi yakiendeshwa bila idhini ya wizara. Tafiti zilizofanywa nchini zimeonyesha mara kwa mara kwamba wengi wa watoto hao wana mzazi aliye hai au ndugu wanaojulikana. Sheria yenyewe haikukusudia hivyo. Sheria ya Watoto huyaona makao kuwa kimbilio la mwisho. Amri ya malezi inayotolewa na mahakama ya familia na watoto ina muda maalumu na hutakiwa kuangaliwa upya. Mwongozo wa malezi mbadala wa mwaka 2012 na kanuni za makao za 2013 zilikaza zaidi. Pamoja na hayo, mtoto huingia akiwa na miaka sita kwa karatasi iliyoandikwa haraka na hutoka na miaka kumi na minane, na katikati hakuna aliyeifungua karatasi ile.

Tumfikirie kijana mmoja. Si mtu halisi. Nimemuunda kutokana na mazingira ninayoyaeleza. Ana miaka 17, yuko kidato cha nne. Aliingia makaoni akiwa na miaka sita baada ya mama yake kufa. Baba, ilisemekana, alikuwa mtu wa Aru, ng'ambo ya mpaka. Jalada lina jina la mama, bila kijiji chake. Anataka kuwa mhandisi na ana alama nzuri za hesabu.

Mlango wa kwanza wa kuingia utu uzima ni kitambulisho cha taifa, ambacho Mwuganda huanza kustahili akifika miaka 16. Tangu Sheria ya Usajili wa Watu ya mwaka 2015, bila namba ya kitambulisho hicho huwezi kusajili laini ya simu, seuze kufungua akaunti ya benki. Fomu huuliza kabila, ukoo, mahali pa asili, na habari za wazazi. Maswali hayo yana mizizi katika Katiba ya 1995. Ibara ya 10 humtambua raia wa kuzaliwa kwa njia ya mzazi, au babu na bibi: awe alizaliwa na raia, au alizaliwa nchini na jamaa zake wawe wa mojawapo ya jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Walugbara, na Wakakwa wa Koboko, wamo katika orodha ya jamii hizo. Ibara ya 11 inamwonea huruma mtoto aliyeokotwa: akikutwa nchini akiwa na umri usiozidi miaka mitano, na wazazi wake hawajulikani, huhesabiwa raia wa kuzaliwa. Kijana wetu aliletwa na miaka sita, na mama yake anajulikana kwa jina. Huruma ya ibara ya 11 haimfikii, na ushahidi wa ibara ya 10 hakuna aliyemwandikia.

Kwa mtu wa Kampala hili laweza kuonekana kuwa jambo la nadra. Vurra si hivyo. Mpaka unaopita hapo ulifuata mgawanyiko wa maji ya mito ya Nile na Congo, na ulichorwa zama za himaya ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Eneo la Lado, ambalo Nile Magharibi ilikuwa sehemu yake, lilirudi mikononi mwa Waingereza mwaka 1910 baada ya kifo chake, likawekwa chini ya Sudan, na sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Walugbara walibaki pande zote mbili, na wanaoana, wanauziana na kuzikana hadi leo. Mtoto wa baba wa Aru na mama wa Vurra ni jambo la kawaida kabisa pale. Akiwa nyumbani kwa mjomba, hakuna anayemshuku. Mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, anamfahamu tangu akitambaa, na barua ya kumtambulisha kwa msajili inaandikwa siku hiyo hiyo. Akiwa makaoni, mwenyekiti anayeombwa barua ni wa kijiji ambacho makao yamejengwa, na anachoweza kushuhudia kwa haki ni kwamba kijana amekuwa akiishi ndani ya ua.

Mlango wa pili ni chuo. Serikali hufadhili takribani wanafunzi 4,000 kwa mwaka katika vyuo vikuu vya umma. Wengi huingia kwa ushindani wa kitaifa, na shule za Nile Magharibi hazishindani kwa usawa na zile za Kampala na Wakiso. Ndiyo maana sehemu ya nafasi hizo hugawanywa kwa wilaya. Mgawo huo ni dawa nzuri kwa mtoto wa Arua au Koboko, sharti aonyeshe kuwa ni wa wilaya hiyo. Ipo pia bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mkopo huo nao una wadhamini. Meneja wa makao aweza kutia sahihi, ni kweli. Lakini mameneja huhama, na wafadhili wengine hufunga mkono siku kijana anapotimiza miaka 18. Mjomba hahami ujomba.

Kijana akishindwa kwenda chuo akasema basi, afadhali nifuge kuku, anakutana na mlango wa tatu. Mpango wa Maendeleo wa Parokia, uliozinduliwa mwaka 2022, hupeleka shilingi milioni 100 katika kila parokia ya kiutawala, na wakopaji hupewa hadi milioni moja moja kwa hesabu ya kaya. Kaya ya kijana huyu ni ipi? Bweni halihesabiwi kuwa kaya. Na hata akizipata fedha, kuku watakaa katika ardhi ya nani? Sehemu kubwa ya ardhi ya Nile Magharibi ni ya kimila, umiliki ambao Sheria ya Ardhi ya 1998 inautambua, na kimila ardhi hufuata ukoo. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara miaka ya 1949 hadi 1952, aliwaeleza kuwa watu wasiokuwa na wafalme, ambao mamlaka yao yote yalipita katika nasaba na wazee wake. Serikali, makanisa na misikiti vimebadilisha mengi tangu hapo. Shamba, hata hivyo, bado huombwa kwa baba mdogo.

Mlango wa nne hautajwi katika barua za wafadhili, nao ndio mzito kuliko yote: ndoa. Vijana wa miaka kumi na sita, kumi na saba, huiwaza kuliko watu wazima wanavyokubali. Mvulana hujiuliza nani ataambatana naye kwenda kwa wakwe, na ng'ombe na mbuzi watatoka zizi gani. Kwa kawaida mahari hukusanywa na kaka za baba, na hutegemea pia mahari ya dada zake. Asiye na hao huishi na mwanamke bila kutoa kitu, na watoto wake mara nyingi huhesabiwa upande wa wajomba zao. Kwa hiyo upungufu wake unarithiwa. Kwa msichana hatari iko kwingine. Mume anayemwoa anajua kwamba hakuna baraza la wazee litakalomhoji akimpiga, wala nyumba ambayo mkewe ataikimbilia usiku akapokewa. Msichana wa makaoni anayesema anataka kuwa sista huenda ana wito wa kweli; sina sababu ya kumshuku. Lakini mtafiti anayeandika jibu lake chini ya kichwa cha "kazi inayotarajiwa" amekosa nusu yake. Utawa ni ukoo. Jeshi nalo, kwa wavulana, ni ukoo: linavisha, linalisha, na linazika wafu wake kwa heshima. Majibu haya ya barua yangesomwa kwa jicho hilo, tungeona kwamba vijana wenyewe wamekwisha kulitambua tatizo ambalo sisi tunaliita kukosa mwelekeo.

Anayedhani kwamba kosa ni kulelewa mbali na nyumbani, historia ya eneo hili inamkanusha. Baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, majeshi ya serikali mpya yalilipiza kisasi kwa watu wa Nile Magharibi, eneo la asili yake. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo. Watu kwa mamia ya maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire, yaani Congo ya leo. Mtafiti Barbara Harrell-Bond ameyaeleza maisha yao upande wa Yei, Sudan, katika kitabu chake cha mwaka 1986. Kizazi kizima cha vijana kilikulia kambini na katika vijiji vya ugenini, kikiwa na njaa na shule za chini ya mti, bila hata kimoja cha vitu ambavyo makao ya leo hutoa. Waliporudi katikati ya miaka ya 1980 walikuta nyumba zimeungua na mashamba yamekuwa pori. Walirudishiwa ardhi, kwa ugomvi mwingi, kwa sababu palikuwa na wazee wa kusema mpaka wa baba yako ulipita kwenye mti ule. Wengi wa viongozi wa leo wa Arua na Koboko ni watoto wa uhamisho ule. Walikuwa mbali, lakini walikuwa mbali pamoja na watu wao.

Na mfano wa karibu zaidi uko mwendo wa saa chache kwa gari. Katika kambi za wakimbizi za Rhino na Imvepi, zilizopokea Wasudan Kusini wengi baada ya mapigano ya Juba ya Julai 2016, mtoto anayefika bila mzazi hapelekwi bwenini kama hatua ya kwanza. Hutafutiwa familia ya kumlea, ikiwezekana ya lugha yake, huku ndugu zake wakifuatiliwa kuvuka mipaka. Malezi hayo yana kasoro nyingi: familia zenyewe ni maskini na maafisa ni wachache. Hata hivyo inashangaza kwamba mtoto mkimbizi wa Rhino hutafutiwa jamaa kwa bidii kuliko mtoto Mlugbara wa makaoni, ambaye jamaa zake huenda wako umbali wa boda boda moja.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hii nalijua, na halipaswi kupuuzwa. Ukoo haupendi kila mtu. Wako watoto waliofika makaoni kwa sababu baba mdogo alilitaka shamba la marehemu, wengine kwa kushutumiwa uchawi, wengine kwa kupigwa. Kumrudisha mtoto kama huyo kwa haraka ni kumtupa mara ya pili. Tuliliona hilo shule zilipofungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona zisifunguliwe kikamilifu hadi Januari 2022: baadhi ya makao yaliwatawanya watoto kwa ndugu ambao hawakuandaliwa wala kuulizwa. Wanaotetea makao wana haki ya kuutaja mkasa huo.

Lakini kurudishwa kwa ukoo na kujulikana na ukoo ni mambo mawili, na mjadala wa Uganda umeyachanganya tangu mwongozo wa 2012. Mtoto anaweza kuendelea kulala makaoni, kwa sababu za usalama, huku mjomba akijua alipo, anasoma darasa la ngapi, na amerefuka kiasi gani. Baba mdogo mnyang'anyi naye ana ndugu zake wanaomwonea aibu, na ardhi ya yatima ni rahisi kuinyang'anya pale ambapo yatima mwenyewe hajaonekana kwa miaka kumi. Kwa Walugbara mahali pa kuonekana panafahamika: matangani. Middleton aliona jinsi nasaba zinavyosimuliwa na kupangwa upya mbele ya watu wakati wa mazishi. Aliyepo huhesabiwa na asiyekuwepo husahauliwa. Makao mengi huwazuia watoto kwenda misibani, kwa nia njema, eti wasihuzunike au wasikose masomo. Kwa maoni yangu hakuna kanuni ya makao inayomgharimu kijana zaidi ya hiyo.

Vivyo hivyo jalada. Ukaguzi wa makao hutazama vyoo, vitanda na hesabu za fedha, na ni vizuri. Ungeweza pia kudai karatasi moja iliyojazwa ndani ya mwezi wa kwanza, kabla watu hawajafa au kuhama: kijiji cha mama na cha baba, upande gani wa mpaka, majina ya babu wote wawili, mjomba ni nani, mahari ya mama ilitolewa au la, shamba la marehemu liko wapi na linalimwa na nani sasa, cheti cha kuzaliwa kimeombwa lini. Maswali ya mahari na shamba yatamkera mfadhili anayetaka kusikia habari za shule. Ndiyo, hata hivyo, yatakayoulizwa siku kijana atakapofika miaka 18, na atakayeyauliza hatakuwa na subira.

Anayepaswa kuyafuatilia kisheria ni afisa wa ustawi wa wilaya. Ofisi yake huwa na watu wachache, bajeti ndogo, na aghalabu pikipiki isiyo na mafuta. Hiyo hiyo ndiyo hutegemewa kwa kesi za unyanyasaji, ugomvi wa matunzo na watoto waliokinzana na sheria. Mfadhili akijenga bweni, jina lake huandikwa ukutani na watoto humwimbia siku ya ufunguzi. Hakuna anayeimbiwa kwa kumtuma afisa mara tatu hadi kijiji cha ng'ambo ya forodha ya Vurra kumtafuta shangazi ambaye huenda amehama, ingawa gharama ya safari hizo haifiki hata ya mabati ya bweni. Wilaya zinazoidhinisha makao zina uwezo wa kuweka sharti: kila makao yanayoomba idhini, au kuihuisha, yatenge katika bajeti yake fedha za safari hizo na yaonyeshe zilitumikaje, mtoto kwa mtoto. Makao yatakayosema hayana fedha za mafuta ya pikipiki yaulizwe yatapata wapi za bweni jipya.